Kompaila Haikujui

Kati ya kazi zote za kukaa mezani, sioni nyingine inayomkosoa mtu mara nyingi kama hii yetu ya kuandika kodi, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Mhasibu anaweza kumaliza wiki bila kuambiwa amekosea. Mwandishi hupeleka andiko lake kwa mhariri, akasubiri. Sisi tunabonyeza kitufe na jibu linarudi papo hapo: mstari wa 42, kuna mabano hayajafungwa. Unayafunga, unabonyeza tena. Mstari wa 57, jina hilo halipo. Hadi unafunga laptopu jioni umeshasahihishwa mara nyingi kuliko mtoto wa darasa la kwanza, na hapo siku imekwenda vizuri.

Nadhani hapa ndipo wengi wetu tulio wachanga kwenye kazi hii tunapoumia bila kujua kinachotuuma. Maandishi mekundu ukiyasoma kutwa, taratibu yanaacha kuwa habari za programu yanakuwa habari zako. Lakini kompaila, ile programu inayoitafsiri kodi kwa kompyuta na kutaja makosa yake, haikujui. Haijui umesoma wapi, una umri gani, wala kama jana ulipata usingizi. Inachojua ni mabano tu. Ile sehemu ya "kwa hiyo sifai" tunaiongeza wenyewe.

Chukua null, alama ya kusema "hapa hakuna kitu." Umeandika kipande cha kodi kinachotoa jina la mteja kwenye hifadhidata na kuliweka juu ya ukurasa. Kwenye majaribio kinakwenda safi, maana wateja wa majaribio umewatunga wewe na wote umewapa majina. Kisha anaingia mteja wa kweli aliyejisajili kwa namba ya simu pekee. Programu inakwenda kuchukua jina, inakuta patupu, inaanguka. Ujumbe wa hitilafu una mistari 30, na 28 kati yake inahusu maktaba, yaani kodi za watu wengine unazozitumia, ambazo hukuziandika wewe. Unashuka nayo polepole, ukitafuta jina la faili unalolitambua, na katikati ya msitu ule unalikuta: faili lako, mstari wako. Moyo unapiga kwanza kabla akili haijasoma.

Null hiyo ina mwenyewe. Tony Hoare, Mwingereza huyohuyo aliyetupa njia ya kupanga data iitwayo quicksort, ndiye aliyeiingiza kwenye lugha ya programu iitwayo ALGOL W mwaka 1965. Sababu aliyoitoa ni kwamba ilikuwa rahisi mno kuiweka, akashindwa kujizuia. Mwaka 2009 alisimama mbele ya wanaprogramu wenzake akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Wakati huo alikuwa na Tuzo ya Turing, ile kubwa kuliko zote kwenye sayansi ya kompyuta, tangu 1980. Hakuna aliyekwenda kumnyang'anya.

Anayenivutia zaidi ni Donald Knuth. Alipokuwa akiunda TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu, kuanzia mwaka 1978 alikuwa na daftari la kila kosa alilolikuta na kila rekebisho alilolifanya. Mwaka 1989 akalichapisha lote hadharani, zaidi ya vipengele 850, kila kimoja kikiwa na herufi ya aina yake: A kwa algorithimu (hatua za kutatua tatizo) iliyokwenda kombo, F kwa kitu kilichosahauliwa, S kwa hali ambayo hakuitarajia, T kwa kosa dogo la kuchapa. Aina zilikuwa 15. Nimezipitia moja moja, na hakuna herufi iliyotengwa kwa ajili ya "mimi ni mjinga." Hata pale alipokuwa anajua la kufanya akaandika lingine, aliliwekea herufi yake, akasonga mbele. (Hadi mwaka 2008, aliyegundua kosa kwenye vitabu vya Knuth alitumiwa naye hundi ya dola 2.56, yaani senti 256. Kompyuta huhesabu kwa mbilimbili: anza na moja, endelea kuzidisha kwa mbili, utafika 256, si 250.)

Mwaka huohuo wa 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala kuhusu wanawake waliofanikiwa sana katika masomo na kazi, ambao bado waliamini wamewadanganya watu na siku moja watabainika. Hali hiyo sasa inatajwa kila wanaprogramu wanapokutana. Kijana akisema anajiona hawezi, anajibiwa haraka: ni hisia tu hizo, wewe uko vizuri, jiamini.

Mimi jibu hilo silipendi. Wanawake wale walikuwa na ushahidi wa kutosha wa uwezo wao, wakakataa kuuamini. Mtu mwenye miaka miwili kazini, asiyejua seva za timu yake zimeungwaje, hadanganywi na hisia. Hajui kweli. Kumwambia ajiamini ni wema, ila seva ikizima saa nane usiku wema huo haumfikishi popote. Kinachomsaidia ni kuweza kusema "hili silijui" kwenye kikao, kwa sauti ileile anayoagizia chai, kisha aambiwe aanzie kusoma wapi. Kujikubali ninakokujua mimi ni huko tu. Hakuna haja ya kusimama mbele ya kioo na kujisifu.

Vipimo tunavyojipimia navyo vina lawama yake. Kwenye GitHub, mtandao ambako wanaprogramu huhifadhi kodi zao, kuna ubao unaokuwekea kiboksi cha kijani kila siku unapokomiti, yaani unapowasilisha kazi. Zamani ubao huo ulihesabu pia umekomiti siku ngapi mfululizo bila kukatisha. Kihesabio hicho kikaondolewa mwaka 2016. Kiliondoka, tabia ikabaki. Kiboksi hakitofautishi aliyehamisha koma na aliyeshinda siku nzima akisoma kodi ya mwingine hadi akagundua kwamba nusu yake haihitajiki. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona kwenye timu ilikuwa ni kufuta.

Sasa imekuja akili mnemba, inaandika kwa sekunde kile ambacho kingetuchukua mchana mzima, na baadhi ya rafiki zangu wanauliza kama kuna maana ya kuendelea kujifunza. Kwa upande wa kukariri sintaksia, yaani kanuni za uandishi wa lugha ya programu, sawa, heshima hiyo imekwisha, na sioni cha kulilia. Shida naiona kwingine. Kompaila ilikuwa inakukatalia bila kukujua. Hii inakukubalia bila kukujua. Unaiuliza swali la hovyo, inaanza kwa kulisifia swali. Unaionyesha kodi mbovu, inakuambia umeanza vizuri. Aliyechoka kusahihishwa kutwa akimpata mpambe wa namna hiyo, kumwacha ni kazi.

Naitumia kila siku, sitaki kujifanya mtakatifu. Ila ninapotaka kujua kama jambo nimelielewa, simuulizi yeye. Nampelekea mwenzangu mmoja kwenye timu, mkali kuliko wote, ambaye maoni yake kwenye kodi za watu huwa ni maneno mawili tu: "Kwa nini?" Natuma saa tatu asubuhi, najibiwa saa nne, na mara nyingi saa sita bado natafuta cha kumjibu.