Semina ya Agosti Ianze na Nauli ya 505050

Andika mistari hii mitatu kwenye Thonny, programu ya kuandikia na kuendeshea lugha ya kompyuta ya Python, kisha uiendeshe:

nauli = input("Nauli ya mtu mmoja: ")
jumla = nauli * 3
print("Lipa", jumla)

Ikikuuliza nauli, ingiza 50. Jibu litakuja: Lipa 505050. Hutaona maandishi mekundu wala onyo lolote. Mashine imeridhika kabisa, na abiria watatu wa Rongai wanadaiwa zaidi ya nusu milioni.

Sasa weka programu hiyo mbele ya mwanafunzi wa Gredi ya 10 aliyeinua mkono: "Mwalimu, mbona yangu inaleta hivi?" Wenzake arobaini wanasubiri, kipindi ni cha dakika 40, na dakika sita za kwanza zimeisha mashine zikiwaka. Mwalimu anayejua kwamba input huleta maandishi hata ukichapa tarakimu, na kwamba Python ikiambiwa izidishe maandishi kwa 3 huyarudia mara tatu, atamaliza jambo hilo haraka na bado apate nafasi ya kumwuliza mtoto swali. Asiyejua atasema, "Hebu futa, andika tena kama ilivyo ubaoni." Mtoto atafuta, ataandika, atapata 505050.

Hapo ndipo ninapogombana na semina zetu za likizo za walimu wa kompyuta. Mkufunzi anaonyesha programu safi kwenye projekta, washiriki wananakili, zote zinafanya kazi, watu wanapiga makofi na cheti kinatolewa. Mwalimu anarudi shuleni akiwa hajawahi kuona hata moja ya makosa ambayo darasa lake litayafanya wiki ya kwanza ya muhula wa tatu. Kwa maoni yangu, siku nzima ya kwanza ya semina, na nusu ya kila siku inayofuata, iwe ya programu zilizoharibika.

Tuangalie muda uliopo. Wenzetu wa Marekani hupanga mafunzo haya katika kiangazi chao kirefu. Mpango wa Code.org, shirika la kueneza masomo ya kompyuta, kwa mfano, ulizoeleka kwa warsha ya siku tano wakati wa likizo, kisha vikao vya kufuatilia mwaka mzima wa masomo. Nairobi Julai ni baridi na sweta, shule ziko wazi, na likizo ya Agosti ni takriban wiki tatu ambazo mwalimu anazigawa kati ya kusahihisha, shamba la nyumbani na karo ya watoto wake mwenyewe. Tukipata siku tano tumebahatika. Ondoa chai ya saa nne, chakula cha mchana, hotuba ya ufunguzi, hotuba ya kufunga na picha ya pamoja. Kazi inayobaki haifiki saa 25. Na mwalimu huyu ana mizigo miwili: darasa la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026, ilhali KCSE ya mwisho, mtihani wa kidato cha nne wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, ni ya 2027, kwa hiyo karatasi za 451, yaani somo la Computer Studies, pamoja na ile ya tatu ya mradi, bado ziko mezani. Saa 25 haziwezi kubeba kila mada ya mtaala. Zinaweza kumwezesha mwalimu kusoma kosa.

Kosa husomwaje? Mkufunzi aandae programu kumi fupi, mistari mitano hadi kumi na miwili kila moja, na kila moja iwe na kosa moja tu. Azichape kwenye karatasi, nusu ukurasa kwa kila programu. Karatasi ni muhimu kwa sababu mwalimu aliye mbele ya kibodi hukimbilia kubonyeza kabla ya kufikiri, sawa na wanafunzi wake. Wawili wawili wasome, waandike kwa kalamu wanachotarajia kuona, ndipo waendeshe. Uingereza, Sue Sentance na wenzake wamelipanga jambo hili katika hatua tano zinazojulikana kama PRIMM: tabiri, endesha, chunguza, badilisha, unda. Kwetu hatua ya kwanza hurukwa kila mara. Inaonekana kama kupoteza muda, lakini ndiyo inayofichua mtu anafikiri nini kuhusu mashine.

Kwenye ile ya nauli, wafungue dirisha la Variables ndani ya Thonny, yaani la vigeu, majina yanayobeba thamani. Wataona nauli imeandikwa '50', na zile alama mbili za kunukuu pembeni. Hicho ndicho kielelezo chote cha somo. Huhitaji slaidi kumi na nne za kueleza aina za data. Kisha waongeze mstari mmoja baada ya wa kwanza:

nauli = int(nauli)

Sasa ni 150. Hapo mkufunzi mjanja hanyamazi. Anamwomba mtu aingize 50/= kama inavyoandikwa kwenye kibao cha bei. Programu inaanguka na ValueError. Mwingine anaingiza "hamsini", inaanguka tena. Ndani ya robo saa mmegusa aina za data, ubadilishaji wake na uhakiki wa kile mtumiaji anachoingiza, yote kwa programu ya nauli ya matatu.

Kati ya zile kumi, zisikosekane hizi: kigeu kilichoandikwa Jumla juu na jumla chini, kinacholeta NameError; alama ya = moja ndani ya if badala ya ==; kitanzi cha while, yaani maagizo yanayorudiwa, ambacho kigeu chake hakibadiliki, kwa hiyo programu haikomi na mwalimu lazima ajue kwamba Ctrl na C huisimamisha; na range(1, 10) ya mtu aliyetaka kuhesabu hadi kumi akaishia tisa. Halafu ipo ya mabano yaliyosahaulika, ambayo nitaikalia kidogo kwa sababu inaunganisha mambo mawili ambayo waandaaji huyatenganisha.

Mwanafunzi ameacha kufunga mabano mwishoni mwa mstari wa 3. Kwenye laptopu mpya ya mkufunzi mambo ni mepesi: kuanzia Python 3.10 ujumbe wa makosa uliboreshwa, na mara nyingi unaelekezwa palepale mabano yalipoachwa wazi. Lakini maabara nyingi za shule zetu zina mashine zilizotumika ng'ambo kabla ya kufika hapa, na baadhi bado ziko kwenye Windows 7. Toleo la mwisho la Python linalokubali Windows 7 ni 3.8. Hilo hulalamikia mstari wa 4, ambao hauna kosa lolote, kwa maneno mawili tu ya Kiingereza yasiyosaidia: invalid syntax. Mwanafunzi atautazama mstari wa 4 hadi kengele ilie. Mwalimu aliyefunzwa kwenye mashine mpya tu atautazama pamoja naye. Kanuni ya kumpa ni fupi: kosa la sintaksia, yaani la kanuni za uandishi, likionyeshwa mahali ambapo huoni tatizo, panda mstari mmoja juu uhesabu mabano.

Kwa hiyo semina ifanyike kwenye mashine zinazofanana na za shuleni, au angalau washiriki waje na taarifa za mashine zao. Kabla ya kufunga shule, kila mwalimu abonyeze kitufe cha Windows pamoja na Pause, anakili toleo la Windows, ukubwa wa RAM na kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Taarifa hizo tatu kwenye ujumbe wa simu zinamwokoa mkufunzi asubuhi nzima ya "yangu inakataa kuingia". Thonny ina kisakinishi kinachobeba Python 3.8 ya biti 32, nacho kinakubali Windows 7. Kiwekwe kwenye flashi pamoja na kile cha kawaida.

Kutoka kwenye flashi, narudia, wala si kutoka kwenye intaneti. Faili ya megabaiti 100 ikishushwa na laptopu 20 ni gigabaiti 2 za bando, na hapo Windows haijaanza kujisasisha kwa siri. Unganisho lolote la simu liwekwe kama la kupimwa, ile chaguo inayoitwa metered connection, la sivyo bando la wiki linaisha kabla ya chai.

Umeme nao una hesabu yake. Chaja 20 za wati 65 ni wati 1,300. Soketi moja ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba wati 3,120, kwa hiyo chaja zote zinaweza kutoka hapo kupitia ekstensheni nzuri. Kisha mtu wa jikoni anakuja na birika la wati 2,200, analichomeka kwenye ekstensheni ileile, jumla inakuwa 3,500, zaidi ya uwezo wa soketi, na fyuzi inaweza kwenda. Birika likae kwenye soketi nyingine. Na waya wa ekstensheni ya kuviringisha ufunguliwe wote, maana ukiachwa umejikunja hushika moto wa ndani, plastiki inalainika.

Kuna matatizo ya maabara ambayo hayamo katika mtaala wowote lakini yanaua vipindi kuliko mada yoyote ngumu, na semina ya siku tano inaweza kuyapa alasiri moja. Mashine ikiwashwa na kuonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, tovuti karibu zote zitakataa kufunguka, kwa kuwa kivinjari kinaona cheti cha usalama cha tovuti hakijaanza kutumika. Mwalimu hulaumu rauta. Kinachohitajika ni betri ya CR2032 ya volti 3, ile ya mviringo kama sarafu, inayopatikana kwa urahisi kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi. Inatolewa kwenye ubao mama kwa ncha ya kalamu, umeme ukiwa umezimwa na waya umechomolewa. Kila mshiriki aibadilishe mwenyewe mara moja, kwa mikono yake.

Mashine iliyowekewa programu ya kuigandisha, inayoirudisha ilivyokuwa kila inapowashwa, ni kisa kingine: unasakinisha Thonny vizuri, unazima mashine, kesho Thonny haipo. Kazi za wanafunzi nazo zimekwenda. Mwalimu aulize nani ana nywila ya kuiyeyusha kabla ya kusakinisha chochote, na kazi zihifadhiwe kwenye diski isiyogandishwa. Na ile flashi ambayo mafolda yake yote yamegeuka njia za mkato: faili hazijafutwa, zimefichwa. Ikiwa flashi ni E, amri hii kwenye Command Prompt huzirudisha:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kirusi chenyewe kinabaki, lazima kisafishwe, lakini mradi wa mtahiniwa unakuwa umepatikana.

Kuhusu vifaa vya kupendeza, kama micro:bit, sina ugomvi navyo. Ubao wenye taa 25 na vitufe viwili humfurahisha mtoto, nami ningeupa nusu siku. Ila nyaya zijaribiwe usiku uliotangulia. Waya wa USB wa bei ya chini wa kuchajia mara nyingi hauna nyuzi za data ndani. Ubao utawaka, watu watashangilia, lakini diski ya MICROBIT haitatokea kwenye kompyuta na hakuna programu itakayohamishwa. Zilizofaulu zifungwe utepe wa rangi moja.

Siku ya nne ndiyo ningeipigania kuliko zote. Walimu wa hesabu na sayansi wanaijua SMASSE, mradi wa mafunzo yao kazini ulioanza 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, na mzunguko wake wa kupanga, kufanya, kutazama na kuboresha. Ule utaratibu wa mafunzo kushuka ngazi kwa ngazi, kutoka wakufunzi wa taifa hadi wa mashinani, ulikuwa na udhaifu wake, maana kila ngazi ilimwaga maji kidogo. Mzunguko wenyewe ni mzuri na unatufaa. Wanafunzi kumi na wawili wa mtaani waalikwe asubuhi ya siku ya nne. Mwalimu mmoja afundishe programu ya nauli kwa dakika 40. Wengine wakae nyuma ya mabega ya wanafunzi, mmoja kwa kila wawili, wakiandika makosa yanayotokea na maneno halisi ya mtoto, bila kugusa kibodi. Kutogusa kibodi ni kugumu kuliko inavyosikika. Mikono ya mwalimu huwasha. Mchana wakae na orodha hiyo, wapange upya somo, na kesho yake mwalimu mwingine alifundishe kwa kundi jipya.

Baada ya hapo kuna kundi la WhatsApp, ambalo kila semina hulianzisha na ambalo kufikia Oktoba limejaa heri za siku ya kuzaliwa na matangazo ya ploti. Liwe na sheria moja. Anayeomba msaada atume picha mbili: programu yote kuanzia mstari wa kwanza, na ujumbe wa kosa hadi neno lake la mwisho. Aandike na toleo la Python, kwa maana mstari wa 4 wa mwenzake huenda ni wa 3 kwake.