Saratani ya figo yenye jeni zilizoungana: kupima kwa nini, kama dawa yake haipo?

Swali hili huulizwa hata na madaktari: ikiwa hakuna dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa saratani ya figo inayotokana na kuungana kwa jeni ya TFE3 au TFEB na jeni nyingine, mgonjwa alipishwe kipimo chake kwa faida gani? Upasuaji utafanyika vilevile. Kwenye hospitali ambayo hata rangi za maabara huagizwa kwa kubahatisha, swali hilo si la kubezwa.

Ila linadhania kwamba jina la ugonjwa halina kazi mpaka dawa ipatikane. Hapo ndipo nisipokubaliana nalo.

Katika muungano uliobainishwa mwaka 1996, kromosomu X na kromosomu 1 zilikatika, vipande vikabadilishana mahali, na jeni ya PRCC ikaunganishwa na TFE3. Protini inayozaliwa ina kichwa cha moja na kiwiliwili cha nyingine. Protini ya TFE3 ya kawaida huzuiliwa nje ya kiini cha seli wakati seli imeshiba. Njaa ikiingia, huruhusiwa kuingia na kuwasha jeni za kuvunja na kurejeleza taka za seli. Ile iliyoungana haisubiri njaa. Hukaa kwenye kiini na kuendelea kuwasha jeni, zikiwemo za ukuaji. Panya waliowekewa PRCC-TFE3 kwenye figo walipata saratani.

Wenye shaka husema muungano ni cheche tu, si moto wenyewe. Wana ushahidi: uvimbe mkali zaidi mara nyingi umepoteza pia kipande cha kromosomu 9, na ule wenye muungano wa TFEB kwa kawaida huwa mpole. Pia kwa watu wazima, saratani za aina hii ni asilimia 1 hadi 5 tu ya saratani za seli za figo. Kumpima kila mzee mwenye uvimbe wa kawaida ni kumwaga fedha, na sioni haja ya kubishana juu ya hilo.

Kwa vijana hesabu hubadilika kabisa. Tafiti za watoto na vijana wenye saratani ya seli za figo zimekuta muungano huu kwa kuanzia asilimia 20 hadi zaidi ya 40 yao. Mtoto mwenye uvimbe wa figo hudhaniwa kwanza kuwa na uvimbe wa Wilms, na ni haki, kwa kuwa ndio unaoongoza utotoni. Katika utaratibu unaofuatwa Ulaya na nchi nyingi nyingine, mtoto huyo huanzishiwa vincristine na dactinomycin kabla ya upasuaji, mara nyingi bila kuchukuliwa kipande cha uvimbe cha kupimwa. Wilms huzisikia dawa hizo. Uvimbe wa TFE3 kwa kawaida hauzisikii. Na kati ya miaka 15 na 19 saratani ya seli za figo huonekana zaidi kuliko Wilms, kwa hiyo dhana ya kwanza hupotosha zaidi kadiri mtoto anavyokua.

Kuna takwimu ya mwaka 2006 isiyonitoka akilini. Kati ya wagonjwa 39 waliothibitishwa kuwa na muungano huu, 6 walikuwa wamewahi kupewa kemo utotoni kwa ugonjwa mwingine. Sita ni wachache, na idadi hiyo haithibitishi kwamba kemo ndiyo chanzo. Lakini baadhi ya dawa hizo hufanya kazi kwa kukata DNA, na ugonjwa wenyewe huanzia pale kromosomu inapokatika na kuungwa vibaya. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, kumpa mtoto kemo isiyomfaa hakuonekani tena kuwa tahadhari isiyo na madhara. Ni deni ambalo huenda akalilipa akiwa kijana.

Hata kwa mtu mzima kuna jambo. Dawa nyingi za kuzuia mishipa ya damu ya uvimbe zilijengwa juu ya saratani ya figo ya seli angavu, ambayo karibu siku zote imepoteza jeni ya VHL, na kupotea huko ndiko huchochea mishipa hiyo. Uvimbe wa TFE3 kwa kawaida haujaipoteza. Dawa hizo zinaweza kumsaidia mgonjwa wa TFE3, ila ni za kuazima, na daktari anapaswa kujua hivyo anapohesabu matarajio.

Pa kuanzia hapahitaji mashine ya mamilioni. Mwanapatholojia akiona kwenye hadubini seli angavu zilizojipanga juu ya vijitawi, na vijiwe vya chokaa katikati yake, kwa mgonjwa kijana, hiyo inatosha kumfanya apake rangi za kuonyesha protini za TFE3 na kathepsini K. Zikileta shaka, ifuate FISH, kipimo kinachotia nuru pande mbili za jeni ili kuona kama zimeachana. Hapo kuna mtego: NONO na RBM10, jeni ambazo TFE3 huweza kuungana nazo, ziko kwenye kromosomu X ileile ilipo TFE3, na RBM10 iko karibu nayo sana, kwa hiyo nuru mbili za kipimo huweza kuachana kidogo mno na jibu likasomwa hasi. Kwa hiyo ripoti iseme kipimo gani kilitumika, na mgonjwa kijana mwenye rangi chanya na FISH hasi apelekewe sampuli yake kwenye upimaji wa RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni.