Albamu nzuri, ila kanisa limenyamaza

Nimeisikiliza ile albamu mpya ya kuabudu iliyorekodiwa mubashara hapahapa Dodoma. Nimeirudia tena, maana vijana wenyewe nawafahamu na nilitaka sana niipende. Taa za buluu zipo, moshi upo, kinanda kinavuma nyuma kama upepo wa Septemba, hakikomi hata mtu akiomba. Ubora wa sauti, nakiri kwa shingo upande, ni wa juu. Mpiga besi ana mkono wa ajabu.

Kisha Jumapili wakaileta kanisani.

Wimbo wa kwanza kina mama wa mbele walijaribu. Ubeti wa pili wakaanza kushuka chini, kila mmoja na njia yake. Kibwagizo kilipopaa, wakanyamaza kabisa. Walisimama kwa adabu, mikono juu, macho kwenye skrini. Tukabaki kutazama kundi la vijana jukwaani wakimwabudu Mungu kwa niaba yetu.

Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba hao kina mama ndio walewale ambao ukiwapa mstari mmoja msibani, bila kinanda, bila mwalimu wa kwaya, bila nota, sauti zinagawanyika zenyewe. Huyu anachukua ya juu, yule anashika ya chini, mwingine anaingia katikati na kupita pake, na hakuna aliyewapanga. Mgogo, mwenyeji wa huku Dodoma, hafundishwi sauti ya pili, anaikuta mdomoni. Nendeni vijijini Mvumi. Nendeni Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Cigogo, yaani muziki wa Wagogo. Mtakuta vikundi visivyo na spika hata moja vinavyowasisimua mpaka nywele.

Hukwe Zawose, mtoto wa huku Ugogo, alitoka na ilimba yake, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze lake mpaka lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza ikamtolea albamu. Wazungu walimtafuta kwa kitu ambacho sisi tunakiona cha kishamba, na sisi tunahangaika kutafuta sauti ya gitaa la bendi za kuabudu za Australia. Biashara nzuri sana hiyo, tumepunjwa pande zote mbili.

Wala sidai ilimba. Sidai hata muheme, zile ngoma za kina mama wa Kigogo, maana najua kuna wazee wa kanisa ambao ukitaja muheme wanakumbuka unyago na kikao kinavunjika. Ninachodai ni kidogo kuliko hivyo: wimbo ambao mtu wa kawaida anaweza kuuimba. Nyimbo za albamu hii zimetungwa kwa koo moja tu, koo la kijana mmoja mwenye sauti nyembamba anayependa kupanda. Akifika juu anapanda tena. Sisi wengine tunabaki bondeni.

Wimbo mmoja una dakika kumi na nne, na nusu yake ni mstari mmoja unaorudiwa. Kurudia si dhambi, nyimbo za Kigogo nazo hurudia mpaka jua linazama. Lakini kwetu kurudia ndiko kunakompa kila mtu nafasi ya kuitafuta sauti yake na kuiingiza, kwa hiyo mzunguko wa kumi haufanani na wa kwanza. Kwenye albamu hii kinachoongezeka ni kelele za drams.

Mtaniambia Tenzi za Rohoni nazo zilikuja na meli. Sawa, zilikuja. Ila bibi yangu aliziimba akipepeta mtama, na hakuhitaji fundi mitambo.

Kuhusu Kiingereza kilichopenyezwa kila baada ya mistari miwili, sitasema kitu. Serikali imehamia, treni inashusha watu wa Dar kila siku, na sisi wenyeji tumeshajifunza uvumilivu.

Nilipomuuliza mmoja wa waimbaji akanijibu, "Kaka, hii ni ya kusikiliza, siyo ya kuimba." Ya kusikiliza! Basi ipelekeni ukumbini, mkate tiketi, nami nitanunua, kwa sababu kama onyesho ni zuri kweli. Ila msiilete kwenye ibada halafu mchungaji atusimange kwamba kanisa limepoa. Halijapoa, limenyang'anywa zamu yake. Na msiseme kwamba sauti ya huku haiuzi. Rose Muhando alianzia kwenye kwaya ya Kianglikana mjini hapahapa, na nchi nzima ikacheza.

Mmeshatangaza toleo la pili. Wadogo zangu, nawaomba kwa upole ambao sikuwa nao nilipoanza kuandika: shusheni nyimbo chini kidogo, zimeni kinanda kwenye kibwagizo kimoja tu, mgeuze maikrofoni ziwaelekee watu. Kina mama watajipanga wenyewe, na wala hawatawadai posho ya mazoezi.