Nilikuwa Naogopa Saratani, Nikaangushwa na Maharage

Jamani hivi nyie wenzangu mnakulaje? Nauliza kwa nia njema kabisa, maana mimi nimefika mahali nikifungua friji nasimama pale mlangoni kama mtu aliyeitwa na bosi, sijui nianze na nani, yai linaniangalia na mimi naliangalia, soseji nazo zimejikunyata kule nyuma kama zinajua kuna kesi, afu mama watoto anapiga kelele kutoka chumbani "funga friji wewe, umeme huo!" Nafunga. Nakunywa maji. Na maji yenyewe nakunywa kwa wasiwasi.

Yote yalianza na presha. Nilienda kupima tu kwa sababu kulikuwa na upimaji wa bure, na mimi kitu cha bure sikipiti hata kiwe sindano. Nikakutwa iko juu kidogo, sio ya kulazwa, ila ile ya kuanza kuambiwa maneno. Daktari akasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, nikajisemea aah hiyo ndogo, kumbe hesabu inaunganisha na chumvi iliyojificha kwenye mkate, kwenye soseji, kwenye supu ya pakiti, kwa hiyo kufika mchana kijiko changu kimeshaisha na wala sijagusa kopo la chumvi. Afu akasema kula matunda na mboga gramu 400 kwa siku, anasema kirahisi kama anakutajia saa. Nikapiga hesabu njiani. Mimi, mama watoto, na huyu mkubwa wetu ambaye anakula kama anahama, ni kilo 1 na gramu 200 kila siku, kwa wiki zaidi ya kilo 8, na hapo wadogo bado sijawahesabu wana kiwango chao. Kilo 8! Ningefuga sungura ningekuwa na gharama ndogo, na sungura haombi hela ya daftari.

Basi nikaamua kuwa mtu wa afya. Kosa la kwanza.

Kitu cha kwanza nikafuta sukari nyumbani, nikanunua asali, chupa moja ya asali kwa hela ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mama watoto huwa anasoma simu yangu. Ile asali niliificha nyuma ya unga ili watoto wasiione, nikawa najipimia mwenyewe usiku kama mwizi, najisikia nazidi kuwa kijana. Mwezi mzima. Siku moja nakaa nasoma mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, WHO, yale ya mwaka 2015, nakuta wanasema sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nguvu unayopata kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ndo vizuri zaidi, hiyo 5 ni kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Sawa. Nikateremka chini kidogo, wanaeleza sukari hiyo ni ipi, wanataja na asali. Wanataja na juisi ya matunda! Yaani tunda zima halina neno, ule wewe na nyuzi zake, ila ukishalikamua ukabakiza maji yake umeingia kwenye hesabu ileile ya vijiko 6. Nilikaa kimya dakika nzima. Mimi nimekuwa nikinywa glasi mbili za juisi juu ya asali najiona mtawa.

Mayai nayo msiniambie kitu. Mimi nimekua nikiambiwa kiini ni sumu ya moyo, kwa hiyo kuna miaka nilikuwa nakula ule weupe tu, usio na ladha, kama unatafuna mto. Kumbe hii habari ina historia yake, mwaka 1968 Chama cha Moyo cha Marekani kilisema viini visizidi vitatu kwa wiki, dunia nzima ikatii. Afu mwongozo wa chakula wa Marekani wa 2015 hadi 2020 ukaja ukakiondoa kile kikomo chao cha miligramu 300 za kolesteroli, yale mafuta ya kwenye kiini, kwa siku, hawakusema tujiachie, ila kikomo kikaondoka hivihivi. Karibu miaka 50! Viini vyangu nani atanilipa? Hamna hata samahani.

Sasa hapo ndo anaingia shemeji.

Shemeji yangu huyu ni mlinzi, na kazi yake ya pili ni kutisha familia kwenye grupu. Kila usiku saa 8 simu inalia, ukiamka umeshtuka unadhani kuna msiba, kumbe ni klipu: SOSEJI NI SAWA NA SIGARA, SAMBAZA UOKOE MAISHA. Nikaamka nikaenda kuziangalia zangu kwenye friji. Sikulala. Asubuhi nikaamua nitafute mwenyewe hii habari imetoka wapi, nikakuta kweli, mwezi wa 10 mwaka 2015 lile Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka nyama za kusindika kwenye kundi la 1, kundi moja na tumbaku, na nyama nyekundu ya kawaida wakaiweka 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa inaleta saratani ila hawajathibitisha. Hapo nikataka kuzitupa. Lakini nikaendelea kusoma, maana kutupa soseji zilizolipiwa ni dhambi nyingine, nikagundua hayo makundi hayapimi ukali, yanapima uhakika wa ushahidi tu. Ni kama mahakamani, aliyeiba kuku na aliyeua mtu wote wanaweza kukutwa na hatia bila shaka yoyote, lakini vifungo vyao havifanani hata kidogo. Soseji kaiba kuku. Sigara ndo yule mwingine.

Na ile asilimia 18 wanayoipigia kelele, kwamba ukila gramu 50 za nyama ya kusindika kila siku hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18, mimi nilishajumlisha nikajiona nusu maiti. Ila hiyo ni 18 ya kile kilichokuwepo. Tuseme kati ya watu 100 ilikuwa impate mtu 5, haiwi 23 kama mimi nilivyojumlisha kwa hofu, inakuwa karibu 6. Mtu mmoja zaidi sio mchezo, na huyo mmoja anaweza kuwa mimi na bahati yangu hii, kwa hiyo soseji nimepunguza, tena zenyewe zimejaa chumvi. Ila kulala nalala.

Afu nikaendelea kuisoma ile orodha yao, si nikakuta vituko! Kazi za usiku ziko 2A. Vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65, 2A vilevile. Mawimbi ya simu yako 2B, ngazi moja chini ya hapo, tangu 2011. Sasa nifikirieni yule shemeji, saa 8 za usiku, yuko lindoni, mkono wa kulia simu, mkono wa kushoto kikombe cha chai kinachotoa moshi, ananionya mimi juu ya soseji. Yeye mwenyewe ni orodha inayotembea! Nikamwandikia hivyohivyo kwenye grupu. Akajibu kwa klipu nyingine, ya soda za daieti.

Hiyo nayo nikaifuatilia. Utamu ule wa kutengeneza unaoitwa aspatemi, mwaka 2023 mwezi wa 7 wakauweka 2B, maana yake inawezekana, ushahidi haujashiba. Wakati huohuo kamati nyingine ya wataalamu ikasema kiwango kinabaki palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, na mtu wa kilo 70 ili akizidi anatakiwa anywe zaidi ya makopo 9 mpaka 14 kwa siku, kutegemea kopo lina kiasi gani. Makopo 14! Kila siku! Mimi hata makopo mawili kwa mwezi ni mpaka kuwe na harusi, tena niwe nimekaa karibu na meza ya ndugu wa bwana harusi. Kuna magonjwa mengine umaskini ni kinga kabisa.

(Kazini kuna dada anauza juisi za kusafisha mwili, eti kutoa sumu. Nilimuuliza sumu gani, akasema sumu tu. Figo zangu zinachuja kama lita 180 kwa siku na hazijawahi kuniomba hata nauli, huyu anataka nusu ya mshahara kwa chupa tatu za kijani. Tuendelee.)

Kwa hiyo mpango ukawa maharage. Na hapa nilikuwa sawa kabisa, msinicheke, kila anayejua mambo atakwambia maharage makavu ni chakula cha mwenye akili na asiye na hela, gramu 100 zake kavu zina protini kama gramu 20 na zaidi, nyuzinyuzi tele, hayaharibiki, hayahitaji friji, hayana klipu. Nikanunua yale mekundu makubwa yenye umbo la figo, mfuko mzima. Tatizo ni gesi. Maharage yanakula gesi kuliko yule mkubwa wangu anavyokula wali. Nikasoma sehemu kuna mbinu ya kubana gesi, unachemsha kidogo afu unafunga sufuria kwenye mablanketi, joto linamalizia lenyewe. Mbinu ni ya kweli, tatizo ni aliyeisoma. Mimi kuona lile povu la kwanza tu linapanda pembeni ya sufuria, nikazima. Nikachukua blanketi la mtoto lile la vipepeo, nikalifunga sufuria vizuri, nikaliweka kwenye kona ya kochi na mto juu yake, ungeingia ungedhani kuna mgonjwa kajikunja. Mama watoto akapita, akaangalia, akasema "baba nanihii, hayo yameiva?" Nikamwambia yanaiva yenyewe, ndo sayansi ilipofika.

Saa 2 usiku nikafungua. Yamevimba, yana rangi nzuri, mengine yamepasuka ngozi. Ukitafuna yana ubishi kidogo kwenye jino, kama yanataka kujadiliana, nikajua hizo ndo nyuzinyuzi. Watoto walishakula mapema. Mama watoto akaonja moja, akalitafuna taratibu, akalitema kwenye kiganja akaliangalia, akasema yeye leo atakula mkate na yai. Yai zima, na kiini chake. Mimi nikala sahani mbili, ya pili kwa hasira.

Saa 4 kasoro tumbo likanguruma. Saa 4 na robo nikajua huu sio mzaha. Sitaeleza yote kwa sababu kuna wanaokula, ila nitasema tu kila kitu kilikuwa kinatafuta mlango, kikikuta mmoja una foleni kinapitia mwingine. Nikiwa nimekaa pale sakafuni, kichwa kimeegemea ukuta wa choo, simu mkononi (2B hiyo), ndo nikasoma kwamba maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, inaitwa faitohemaglutinini, jina refu kuliko orodha yangu ya manunuzi, na kwamba punje 4 au 5 mbichi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Mimi nilikula sahani 2! Inaanza ndani ya saa 1 mpaka 3. Dawa yake ni kuloweka angalau saa 5, kumwaga yale maji, kuweka mapya na kuyachemsha kwa fujo dakika 10 kamili, wengine wanashauri hata 30, baada ya hapo ndo ulete blanketi lako. Na ukiyapika kwa joto dogo lisilochemka, nyuzi 80 hivi, sumu haifi, inaweza hata kupanda mpaka mara 5. Nikakumbuka vile vipepeo.

Miezi mitatu naogopa aspatemi. Naogopa simu. Nanusa soseji kama polisi. Afu naangushwa na maharage, chakula cha afya, tena nimeyafunika na blanketi mwenyewe ili yasipate baridi.

Mama watoto akaja na jagi. Hakusema nilikwambia, na hiyo inauma zaidi. Akaweka jagi juu ya ndoo akaanza kuchanganya, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, chumvi nusu kijiko cha chai, afu akafungua kabati la juu kabisa, akatoa paketi ya sukari. Sukari! Kumbe haikuwahi kuondoka humu ndani. Akapima mbele ya macho yangu, kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, mimi nahesabu naye kimoyomoyo, mpaka vikafika 6.

"Mke wangu," nikamwambia kwa sauti ya chini, "hiyo si ndo ya siku nzima?"

"Kunywa."

"Na chumvi je, presha..."

"Baba nanihii. Kunywa."

Nikanywa. Ilipofika saa 8 tumbo limeanza kutulia, nimejilaza palepale kwenye mkeka wa mlangoni, simu ikalia. Shemeji. Klipu mpya: FAIDA 20 ZA MAHARAGE AMBAZO HAWATAKI UZIJUE.