Düsseldorf ina kila kitu cha anime, ila ubishi hakuna

Wanaonipigia kuuliza mshahara wa muuguzi huku Ujerumani nawajibu kwa ufupi. Wanaouliza habari za Immermannstraße ndio wanaonipata, tutaongea hadi simu iishe chaji. Ni mtaa wa hapa Düsseldorf, karibu na stesheni kuu ya treni, na ukiingia unasahau kwamba uko Ujerumani. Duka la vitabu limejaa manga, vitabu vya katuni vya Kijapani, foleni ya rameni, tambi zao za supu, imefika nje kwenye baridi, bibi wa Kijapani anachagua vitunguu. Kampuni za Japani zilianza kufungua ofisi hapa miaka ya 1950, wafanyakazi wakaja na familia zao, mtaa ukakua. Mara moja kwa mwaka kuna Siku ya Japani kando ya mto Rhine. Laki kadhaa za watu hujitokeza, vijana kibao wamevaa kama Naruto au Nezuko, wahusika wa anime, yaani katuni za Kijapani, na usiku fataki zinarushwa.

Kwa hiyo vitu vipo, na vyote navifikia kwa tramu. Bado nasema, na sitabadilisha: anime inatazamwa vizuri zaidi Kondele, mtaa wa kwetu Kisumu.

Watu wa Kisumu wa rika langu mnalikumbuka duka la muvi. Unampa jamaa flashi, unamwambia akuwekee Shippuden, mwendelezo wa Naruto, kuanzia pale ulipoachia, naye anakujazia huku akikuuliza kama umefika pale Jiraiya, mwalimu wa Naruto, anapokufa. Hujafika. Sasa umejua, na unalipia sehemu zinazofuata ili uone anakufaje. Kwenye benchi la nje kulikuwa na vijana wa boda, wanafunzi wa sekondari, na dada mmoja wa saluni aliyeijua Bleach, anime nyingine, kutushinda sote.

Ubishi uliochukua siku nyingi zaidi ulikuwa wa Pain, adui wa Naruto. Amekisaga kijiji cha Naruto, halafu anamwuliza: mimi niliumizwa na watu wako, wewe umeumizwa na mimi, sasa hiyo amani utaileta vipi? Pale benchini hakuna aliyechukulia hiyo kuwa katuni. Tulikuwa watoto Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tuliona moshi juu ya mji na maduka yakiporwa, na karibu kila mmoja wetu alikuwa na mjomba ama jirani aliyerudi kutoka Nakuru au Naivasha na mfuko mmoja mkononi. Wengine walisema Pain ana haki. Mimi nilisema, na nasema hadi leo, kwamba Masashi Kishimoto, mtunzi wa Naruto, aliuliza swali kubwa kisha akalikwepa: Nagato, ambaye ndiye Pain mwenyewe, anashawishika, anafufua wafu wa kijiji, mambo yanaendelea. Wa kwetu walifufuliwa na nani? Dada wa saluni akaniambia nimetazama kwa haraka. Anayewafufua ni yule yule aliyewaua, na analipa kwa uhai wake mwenyewe. Hakuna mwingine angeweza kulilipa hilo deni. Sikukubali. Lakini uchambuzi kama huo sijausikia tena, hata kwenye maonyesho ya DoKomi yanayojaza kumbi za mji huu kwa wapenzi wa anime.

Hapa kuna mwenzangu wa zamu, Mjerumani, anayeijua Attack on Titan vizuri. Usiku mmoja wodi imetulia nikamchokoza: Eren, shujaa wake anayeishia kuua halaiki ili kuwalinda watu wake, alikuwa na haki ama hakuwa nayo? Kwetu swali hilo lingemaliza birika mbili za chai. Yeye akaniambia kwamba alipofika pale Waeldia, watu wa kabila la Eren, wanafungiwa kwenye eneo lao na kuvalishwa vitambaa mkononi, alizima, akakaa kitambo kabla ya kuendelea. Kisha akasema kila mtu na maoni yake, akaenda kuangalia dripu. Namwelewa. Nchi hii, kwa waliyofanyiwa Wayahudi enzi za Wanazi, ina sababu zake za kunyamaza ikiona kitambaa mkononi. Ila hata ukiuliza jambo jepesi, kwamba kati ya Zoro na Sanji, wapiganaji wa One Piece, anime ya maharamia, nani zaidi, jibu ni hilo hilo: inategemea mtu. Wanaheshimiana hadi mazungumzo yanakufa.

Nisiwaonee lakini. Kule nyumbani anime ya Death Note iliniletea maombi. Mama mdogo alimwona Ryuk, mungu wa kifo, kwenye skrini, jioni mchungaji akawa sebuleni. Hapa mwanaume mwenye mvi anapanda tramu na sketi ya Sailor Moon, msichana shujaa wa anime, na hakuna anayegeuka. Tena wanalipa: wananunua vitabu, diski na tiketi, kwa hiyo angalau kitu kinawafikia wanaochora, ambao hata Japani kwenyewe wengi hulipwa kidogo. Shilingi zetu ziliishia kwa jamaa wa flashi. Na wameanza zamani. Bibi mmoja wodini aliniambia anime ni mambo ya vijana. Nikamwambia Heidi, katuni aliyokuwa akiwawekea wanawe, ilichorwa Japani mwaka 1974. Hakuniamini mpaka mjukuu wake alipotafuta kwenye simu.

Na wana kila kitu kwa Kijerumani. Hilo ndilo linaloniuma. Sisi tuna DJ Afro, msimulizi wa filamu za kigeni, ambaye filamu ya mapigano akiishika inakuwa ya Kikenya kabisa. Laiti mtu angemkabidhi One Piece. Kwa kukosa, kazi hiyo niliifanya mimi. Binamu zangu wadogo hawakuwa na kasi ya kusoma maandishi ya Kiingereza, basi nilikaa katikati yao nikiwatafsiria papo hapo, Kiswahili na Dholuo vikichanganyika. Zoro kwa mdomo wangu alipotea njia kati ya Kondele na soko la Jubilee. Usopp, yule mwongo wa kundi lao, alikuwa na mjomba mbunge. Wale watoto sasa ni watu wazima na bado wananidai yule mjomba.

Ninayoipenda kuliko zote ni Monster ya Naoki Urasawa, ile ya studio ya Madhouse, sehemu 74, 2004 hadi 2005. Nikiwa Kisumu niliitazama kama hadithi ya kumsaka muuaji. Mjini Düsseldorf, ambako ndiko inakoanzia, naitazama kama hadithi ya kazini. Tenma ni daktari Mjapani kwenye hospitali ya Kijerumani, na wakubwa wanampenda sana mradi afanye wanavyotaka. Wanamhamisha kutoka kwa kibarua Mturuki aliyeletwa kwanza ili ampasue mwimbaji wa opera. Mturuki anakufa, na mkewe anamkabili Tenma akilia. Zamani pale nilipapita mbio ili nimfikie Johan, yule muuaji. Siku hizi nasimamisha. Kila muuguzi mgeni ninayemjua hapa, awe Mfilipino, Mhindi ama Mkenya, nimemsukumia Monster, na hao ndio pekee waliowahi kunibishia kuhusu Tenma mpaka chakula kikapoa.

Kwa mengine nategemea binamu zangu. Wamenitumia rekodi ya sauti ya dakika saba kwamba Gear 5, umbo jipya la nguvu la Luffy, shujaa wa One Piece, lililotoka kwenye anime Agosti 2023, ni vichekesho vya watoto na limeiharibu One Piece. Dakika saba, na hawajataja hata mara moja kwamba Luffy amekuwa akicheka hivyo tangu 1999. Nikitoka zamu nitawajibu, na yangu itakuwa ndefu zaidi.