Ubingwa wa taifa urudi kwa magari ya watu

Toyota Starlet nyeupe iliingia sehemu ya ukarabati ya mbio za rali pale Naivasha ikiwa na vumbi hadi ndani ya taa. Mafundi wawili walitandika turubai, wakapiga jeki. Chuma cha usukani upande wa kushoto kilikuwa kimepinda, na kipya hawakuwa nacho. Mmoja akakifungua, akakiweka juu ya jiwe, akaanza kukinyoosha kwa nyundo, pigo fupi fupi, akikigeuza na kukitazama kwa jicho moja. Mwenzake alikuwa anahesabu dakika. Dereva, kijana wa Nakuru ambaye Jumatatu angerudi kuuza spea dukani, alikunywa maji bila kuvua helmeti. Waliondoka ikiwa imebaki dakika moja tu. Wakati huo watazamaji wengi walikuwa wameshashika njia ya Nairobi, kwa kuwa magari yenye nguvu yalikuwa yameshapita.

Tangu siku ile nimekuwa na msimamo mmoja kuhusu msimu wetu wa kitaifa wa rali. Taji la bingwa wa Kenya lishindaniwe na magari yaliyotoka kiwandani kama yanavyouzwa kwa wananchi, yakaimarishwa na kuwekewa vifaa vya usalama. Yale yaliyoundwa mahususi kwa mashindano yaje, yakimbie, yapewe kikombe chake.

Mchezo huu kwetu ulianza hivyo. Mwaka 1953, mbio ambazo baadaye ziliitwa Safari Rally zilipoandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yalikuwa ya dukani na makundi yalipangwa kwa bei. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo mtu angeweza kulikuta limebeba abiria na magunia. Joginder Singh, aliyeshinda 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, alikuwa fundi kabla ya kuwa nyota, amelelewa katika gereji ya baba yake. Watu walimwelewa kwa sababu gari lake walilielewa. Aliyesimama kando ya barabara alijua mlio ule, alijua springi ile huvunjika wapi.

Hata enzi ya Subaru na Mitsubishi uhusiano huo haukukatika. Kanuni ya kundi N, kundi la magari ya dukani, ilidai gari liwe limetengenezwa kwa maelfu; kwa miaka mingi kiwango kilikuwa 2,500 katika miezi 12. Mwaka 1990 dereva wetu Patrick Njiru aliimaliza Safari Rally kwa Subaru Legacy ya kundi hilo, akiwa wa nane. Baadaye Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution zikaingia kwa wingi kupitia bandari ya Mombasa, mitumba kutoka Japani, na mtu aliyevunja giaboksi Jumapili aliweza kuamkia Grogan au Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea ya Nairobi, akapata nyingine. Mimi naamini hiyo ndiyo iliyojaza orodha ya washiriki wakati ule kuliko mfadhili yeyote.

Sasa tazama hesabu ya leo. Magari ya mashindano ya daraja la R5, ambayo siku hizi huitwa Rally2, yalipoanzishwa 2013 FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, iliweka kikomo cha bei cha Euro 180,000 kabla ya kodi. Hapo hujanunua tairi za akiba. Sina kinyongo na wanaoyamudu: Manvir Baryan alichukua ubingwa wa Afrika mara tatu mfululizo, 2017 hadi 2019, kwa Skoda Fabia ya daraja hilo, na tulishangilia kwa haki. Lakini yule kijana wa Starlet hawezi kulifikia gari hilo hata akiuza duka. Na njia ya katikati, ile ya mitumba ya Japani, inazibika, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Mitsubishi iliacha kutengeneza Evolution karibu muongo mmoja uliopita. Zilizopo ni zile zile, zinapigwa rangi upya na kurithiwa.

Kuna hoja kwamba bila magari ya kisasa madereva wetu wataaibika Safari Rally ikifika. Ni kweli wanaohitaji kupanda wapandishwe. Mwaka 2022 McRae Kimathi alipelekwa hadi Sweden, kwenye theluji, na Ford Fiesta Rally3, daraja lililo chini ya Rally2, na nilijivuna kumwona. Ila safari ile ilihitaji wafadhili wakubwa, na vijana waliopata nafasi hiyo walikuwa wachache sana. Wengine watajifunzia wapi?

Watajifunzia kwenye Vitz, Demio, na Probox, ambayo hakuna barabara ya nchi hii isiyoijua. Daraja la magari yanayoendeshwa na magurudumu mawili tu kati ya manne tayari lipo katika msimu wetu. Linachohitaji ni heshima: pointi zinazohesabika kwenye taji kuu, na zawadi inayotosha kulipa mafuta. Kwenye usalama nisieleweke vibaya, kizimba cha vyuma, viti na mikanda havina njia ya mkato. Mkanda wa mashindano una tarehe ya mwisho, na nimeona mtu akizuiwa kuanza kwa sababu hiyo, nikakubaliana na mkaguzi. Vilabu vinunue vifaa hivi kwa pamoja na kuvikodisha kwa bei nafuu.

Na kuna jambo lisilogharimu hata shilingi, nalo ni mpangilio wa kuondoka. Magari madogo huachiwa mwisho, yakapita kwenye mitaro iliyochimbwa na magari yenye nguvu mara nyingi zaidi, kisha tunasema hayana kasi. Katika duru mbili tu za msimu ujao, yaanze yenyewe asubuhi, barabara ikiwa bado nzima na watu wakiwa bado wamesimama kando yake.