Kilimanjaro Mgongoni

Mlima Kilimanjaro una tabia za bibi harusi: ukiukodolea macho, unajifunika shela. Hapa Moshi utauona alfajiri, ikifika saa tatu wingu limeshaumeza. Kwa hiyo siku 5 mfululizo nilidamka gizani nikausubiri kibarazani na brashi zangu. Chini migomba, halafu msitu, halafu ukungu, na juu kabisa Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Ule ukungu ndio uliokuwa fahari yangu. Niliupaka kwa kisu, rangi nzito kama siagi, bluu iliyopauka, maana kitu kikiwa mbali hufifia na kuingia ubuluu.

Jumapili nikagusa pembeni kwa kidole. Pakavu! (Pembeni nilipaka tapentaini nyingi, rangi kiduchu. Hilo sikulifikiria.) Rangi ya mafuta haikauki kama ya maji, huganda polepole ikivuta hewa, na ikiwa nene hata wiki haitoshi.

Nikapanda daladala ya Himo kumpelekea shangazi zawadi yake. Viti vimejaa, ni kusimama. Picha nikaigeuza uso nje, nisije nikachafua shati langu. Mbele yangu kasimama mzee, shati jeupe pee, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, anawahi kipaimara cha mjukuu.

"Songeni, nyuma kweupe!" konda akafoka. Tukasongana. Likaja tuta.

Nilipoivuta picha, ilitoa sauti kama chapati inayobanduliwa kwenye kikaango. Mgongoni kwa mzee: msitu, ukungu, vilele vyote viwili. Theluji tu ndiyo haikushika, lakini kwa weupe wa lile shati, ikatokea theluji safi kuliko yangu.

Daladala nzima kimya.

"Shikamoo mzee," nikasema. Sikuwa na lingine.

"Marahaba mwanangu. Kuna nini huko nyuma?"

Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi akainama, akakagua bila haraka. "Mzee, umebeba Kilimanjaro. Tena umetoka vizuri."

Mzee akafikiri kidogo. "Kibo iko upande gani?"

"Kulia."

Akageuka polepole, akanitazama kuanzia viatuni.

"Kulia? Kijana, mimi nimezaliwa Marangu, nimezeekea Marangu, leo unanipeleka kanisani na mlima unaotazamwa kutokea Kenya?"